Matuta Manne ya Mama Mkwe

Aibu yangu niliipanda mwenyewe, tena mahali pa wazi, kwenye mteremko unaoonekana kutoka barabarani, na yeyote anayeshuka kwa bodaboda kutoka huku Mamba kwenda Same lazima aupite. Kwa hiyo nisiposimulia mimi watasimulia wengine, na hao wengine wana chumvi nyingi (kuna mmoja anasema nililia mbele ya watu, sikulia, macho yalinijaa tu). Acheni niseme mwenyewe tangu mwanzo, na mkitaka kucheka chekeni, ingawa mwisho wake mpaka leo haujanichekesha.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Hilo lishikeni, maana bila hilo hii isingekuwa aibu, ingekuwa bahati mbaya tu. Kila mwaka nasimama mbele ya watoto wa kidato cha kwanza, nachora ubaoni vyungu viwili vya maharage, kimoja kimetiwa mbolea na kingine hakina, halafu nauliza, "Ukiacha mbolea, kuna tofauti gani nyingine?" na darasa zima lazima liitike, "Hakunaaa!" Udongo sawa, maji sawa, jua sawa, mbegu za aina moja. Badilisha kitu kimoja tu, vingine viache kama vilivyo, la sivyo hutajua kilicholeta matokeo ni kipi. Nimeyasema hayo miaka kumi na minne, nayasema hata nikiwa na homa.

Sasa huku kwetu mtu akikujulia hali, akishamaliza kuuliza watoto anauliza tangawizi. Na miaka hii ya karibuni tangawizi inaoza. Unakuta majani yameanza kuwa ya njano kutokea chini, wiki inayofuata shina limelegea, ukilivuta linakuja lenyewe bila ubishi, na kule ardhini badala ya tangawizi unakuta uji unaonuka. Ugonjwa wenyewe unakaa kwenye udongo na unasafiri na maji, na maji yetu ni ya pamoja, yanatoka kwenye ndiva, lile bwawa walilolichimba babu zetu huko juu, yanashuka kwa mfereji shamba hadi shamba kwa zamu. Kinachomwozea jirani wa juu, wa chini kinamfikia.

Katikati ya kuoza huko kulikuwa na shamba moja, ng'ambo ya bonde, ambalo lilikuwa limesimama kijani mwaka hadi mwaka. Ni la mama mkwe wangu. Tunamwita Mama Eliwaza, kwa jina la mke wangu, maana Eliwaza ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Yeye kabla ya kupanda huloweka vipande vya mbegu kwenye maji ya majivu ya mgomba na majani ya utupa yaliyotwangwa, halafu anavianika kivulini siku tatu, na watu walipoona shamba lake halilali wakasema si bure, ni ile dawa.

Niwaambie kidogo habari yangu na mama mkwe. Nikifika kwake nasimama mlangoni mpaka aseme kaa. Akinipakulia makande, hata kama nimetoka kula, namaliza. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kumuuliza swali lolote zaidi ya "Umeamkaje mama?" na "Mvua huku inasemaje?" Nimelelewa hivyo: mkwe anasalimiwa, anaheshimiwa, anapelekewa sukari, lakini hahojiwi. Na ninampenda, hilo niliseme, mama yangu mzazi alipofariki yeye ndiye aliyekaa na mimi matanga yote.

Basi siku moja kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wakulima, mwenyekiti, Mzee Mbazi, akanigeukia.

"Mwalimu, sisi tunasikia tu. Dawa, dawa. Wewe ndiye mwenye elimu ya kupima. Tupimie hii dawa ya mama mkwe wako tujue kama inazuia kuoza au haizuii, ili tusiende kama vipofu."

Mnajua mtu ukiambiwa hivyo mbele ya watu kifua kinavyotanuka. Nikasema nitapima, tena kitaalamu. Nikatumia na maneno makubwa makubwa ambayo sitayarudia hapa.

Nina kipande changu cha shamba nilichorithi kwa baba. Sehemu ya juu, kwenye ngazi za kuzuia mmomonyoko, misimu miwili nilikuwa nimepanda maharage na mahindi; udongo wake ni mwepesi, maji yanapita na kuondoka. Sehemu ya chini, kando ya mfereji, ndiko nilikokuwa na tangawizi msimu uliotangulia, na nusu yake ilioza, na maji huko yanapenda kutuama. Nikapima matuta manane kuanzia juu hadi chini, nikayapa namba, moja juu kabisa, nane kule mferejini. Manne yatapata mbegu iliyolowekwa dawa, manne mbegu tupu. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu na najua mkono wa mtu una upendeleo wake hata mwenyewe asipojua, nikakata vikaratasi vinane, vinne nikaandika "dawa", vinne "tupu", nikavikunja, nikavitia kwenye kofia yangu ili kura iamue tuta lipi lipate nini. Mpaka hapo, jamani, nilikuwa sawasawa. Mpaka hapo hata mkaguzi angekuja asingekuta kosa. (Ningekuwa makini kabisa ningegawa juu na chini kila mahali pawe na yote mawili, lakini hata kura tupu ingenitosha kuliko nilichokuja kukifanya.)

Nilikuwa nimesimama kule chini, kwa hiyo nikaanza na tuta la nane. Nikachovya mkono kwenye kofia, nikafungua: dawa. La saba: dawa.

Eliwaza alikuwa ameniletea uji. Akatazama lile tope, akatazama kapu lenye mbegu za mama yake, zilizolowekwa na mama yake kwa mikono yake na kuanikwa siku tatu, akanitazama mimi.

"Baba Neema, mbegu ya mama ndiyo unaitia hapa?"

"Ni kura, mke wangu. Kura imesema."

"Jumamosi mama anakuja kuona. Utamleta hapa umwoneshe mahali ulipomweka?"

Akaweka kikombe juu ya jiwe akaenda. Na mimi nikabaki peke yangu na lile tope, nikamwona mama mkwe wangu Jumamosi akishuka pole pole na fimbo yake, na kitenge chake kizuri, anafika hapo kwenye maji yaliyotuama yenye harufu ya tangawizi ya mwaka jana, anatazama, na hasemi kitu (yeye hasemi, ndicho kinachouma), anasema tu "Ahsante, mwanangu." Nilishindwa. Nikavikunja tena vile vikaratasi viwili, nikavirudisha kwenye kofia, na kofia nikaivaa na vikaratasi vyote ndani. Kisha kwa mkono wangu mwenyewe nikaipanda mbegu ya mama mkwe kwenye matuta manne ya juu, na ile tupu kwenye manne ya chini. Na kwa kuwa nilishaanza kuheshimu, nikaheshimu moja kwa moja: vipande vinene vyenye macho mazuri vikaenda juu, vile vidogovidogo vikaenda chini.

Nikajiambia dawa ikiwa ni dawa itaonekana tu, popote ilipo. Jumamosi mama akaja, nikamtembeza huko juu penye upepo, akaridhika, akasema, "Umeniweka pazuri." Nililala vizuri sana siku ile.

Mavuno yalipofika, sina haja ya kuwaambia kilichotokea, hata ninyi mnakiona. Matuta ya juu yalitoa tangawizi kama mikono ya watu wazima. Kule chini tulivuta uji. Na mimi, mwalimu wa baiolojia, nikafurahi. Sikushtuka hata kidogo! Nilihesabu mwenyewe, nikijua lipi ni lipi, na shina likiwa na mashaka kwa juu nikaliita zima, kwa chini nikaliita bovu. Nikapiga picha, nikarusha kwenye kundi la kikundi kwenye simu, watu wakajaza mikono ya kupiga makofi mpaka simu ikazimika.

Mzee Mbazi akaitisha mkutano. Nikabeba ubao wa shule, nikachora matuta manane, manne kwa chaki ya kijani na manne kwa nyekundu, nikaeleza kwa sauti ile ya darasani. Watu walisimama wakapiga makofi. Mama Eliwaza alikuwa amekaa benchi la akina mama, anaangalia chini kwa haya, na akina mama wanamgusagusa bega, na nilihisi nimemlipa fadhila zote za maisha yangu.

Ndipo Mama Nietiwe akanyanyua mkono.

Huyu shamba lake liko mkono wa kulia wa langu, ni jirani yangu, na ni mjane. Alikuwa na tangawizi ya aina yake, ndogo, kali, yenye ngozi nyekundu kidogo, aliyoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na wa kwake. Wengi tulishaiacha kwa sababu ya zile nene za kisasa, yeye akabaki nayo peke yake. Shamba lake lilikuwa limeguswa na ugonjwa, na alishaamua kuipumzisha ardhi ile, apande maharage, na mbegu yake aipande mahali padogo tu nyuma ya nyumba isipotee.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilitaka kupumzisha lile shamba. Sasa kwa dawa hii, nirudishe tangawizi palepale?"

Angalieni hapo. Mtu ananiuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Nilipaswa kusema sijui, maana kwa kweli sikujua, dawa sikuwahi kuiweka kwenye ardhi mbovu hata tuta moja, niliitoa humo kwa mkono wangu.

"Rudisha, Mama Nietiwe," nikasema. "Nimepima."

Tukafanya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, watu wote siku moja, mapipa ya maji ya majivu yakapangwa mbele ya jengo la kikundi, Mama Eliwaza anaelekeza, kila mtu na kapu lake la mbegu. Mama Nietiwe alileta yote. Nakumbuka Eliwaza akimwambia abakize kidogo nyumbani, naye akacheka, "Nibakize ya nini, si Mwalimu amepima?"

Mvua za masika zilikuwa nzuri mwaka ule. Nzuri kupita kiasi. Siku moja nikitoka shule nikaona kwenye shamba la Mama Nietiwe doa la njano, upande wa mfereji. Nikasema moyoni ni jua. Baada ya siku tatu doa limekuwa mkeka. Nikaanza kupita njia ya nyuma, ile ya kanisani, inayoongeza nusu saa nzima ya kutembea, na kumwambia mke wangu ni kwa ajili ya mazoezi. Mazoezi! Mwalimu mwenye kitambi cha miaka kumi anayetoka jasho kwenye ngazi za ofisini.

Si yeye peke yake. Kila aliyerudisha tangawizi kwenye ardhi iliyougua, iliugua. Lakini wengine walikuwa na mbegu sehemu nyingine, yeye hakubakiza hata kipande. Maneno yakaanza sokoni, na hayakunianza mimi. Yalianza na "ile dawa ya yule mama". Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kumuuzia mtu dawa wala kujisifu, akaanza kukaa nyumbani siku za soko.

Mzee Mbazi akaita mkutano mwingine, safari hii si jengoni, akasema tukutane shambani kwa Mama Nietiwe, kila mtu aone kwa macho. Tulikuwa watu kama hamsini kwenye ule mteremko. Mama mkwe naye alikuja, kavuka bonde zima kwa miguu, akakaa juu ya jiwe pamoja na akina mama, lakini nikaona wamemwachia nafasi kila upande.

Mama Nietiwe aliinama akavuta shina moja, likaja. Akavuta la pili, likaja. La tatu hakulivuta. Akafuta mikono kwenye khanga akanigeukia, na hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo.

"Mwalimu, shikamoo sikupi maana umri wetu ni mmoja, lakini nakuuliza kwa heshima. Matuta yako yale ya dawa yalikuwa wapi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea shamba langu. "Kule juu."

"Na yasiyo na dawa?"

"Kule chini."

"Kule juu, kabla yake, ulikuwa umepanda nini?"

"Maharage," nikasema. "Na mahindi."

"Na kule chini?"

Nilikuwa nasikia maji kwenye mfereji. Nikasema, kwa sauti ambayo darasani ningemwambia mtoto arudie, "Tangawizi."

Mtu mmoja akaguna. Halafu mama mmoja nyuma, wala hakukusudia ubaya, alikuwa anamwambia mwenzake tu ila upepo ukaleta maneno yote, akasema, "Mbona mwanangu kwenye daftari lake wameandikiwa wabadilishe kitu kimoja tu? Na amepigiwa alama ya vema na huyuhuyu Mwalimu."

Watu wakacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani, kinachopita haraka. Watu husema sisi Wapare tunapenda kesi. Siku ile nilitamani wanipeleke mahakamani huko Same nikasomewe mashtaka na mtu nisiyemjua, kuliko kusimama pale nikitazamwa na wazazi wa wanafunzi wangu.

Na hapo ndipo lilipo jambo ninaloona aibu zaidi, kuliko kicheko, kuliko daftari. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu wa watu msimlaumu, yeye alipima alichopewa. Kama dawa ni mbovu, ni mbovu ya mwenye dawa." Na watu wote wakageuka kumtazama Mama Eliwaza pale juu ya jiwe. Na mimi nikanyamaza. Nilijua kila kitu, vikaratasi, tope, vipande vinene, na nikanyamaza, kwa muda wa kupumua mara tatu au nne, kwa sababu mlango ulikuwa umefunguliwa na nilitaka kutoka.

Mama mkwe wangu akasimama mwenyewe. Akajiegemeza kwenye fimbo.

"Mimi kwangu," akasema, "tangawizi hairudi ilipotoka. Nikishaichimba naweka maharage, nikimaliza maharage naweka mahindi, ndipo narudisha. Nilifundishwa hivyo na mama yangu. Haya majivu ni ya mbegu ikae bila wadudu. Sikusema kwamba yanazuia kuoza. Mwalimu alisema." Akanitazama, mara ya kwanza nafikiri ananitazama machoni tangu niingie kwenye ukoo wake. "Mimi sikuulizwa."

Nikasimama mbele ya Mama Nietiwe, kwenye ule uozo, nikasema yote. Kwamba kura ilitoa dawa iende chini, tena mara mbili, na mimi nikaikataa. Kwamba niliona haya kumweka mkwe wangu topeni. Kwamba mbegu nilichagua. Kwamba nilihesabu mwenyewe nikijua ninachotaka kukiona. Kwamba nikaja mbele yao nikasema nimepima, na sikuwa nimepima kitu, nilikuwa nimemheshimu mama mkwe kwa matuta manane. Sauti ilikatika mara moja, hapo ndipo wanaposema nililia. Nikaomba radhi kwa Mama Nietiwe, kisha kwa Mama Eliwaza, kisha kwa wote.

Mzee Mbazi hakunifokea. Alisema tu, "Basi pima upya, Mwalimu. Safari hii sisi tutakuangalia wewe."

Na tulipima upya. Maneno yangu hayakuwa mengi tena, nilikuwa kama mwanafunzi anayerudia darasa. Juu, ambako nilikuwa nimesharudisha maharage na mahindi, tuta la dawa na tuta tupu kando kwa kando, katikati vivyo hivyo, chini vivyo hivyo, marudio matatu kila mahali, kwa sababu tuta moja linaweza kudanganya kama mtu mmoja anavyoweza. Mbegu zote ukubwa mmoja, Mama Nietiwe akizikagua na kuzitupa zile nilizojaribu kupendelea. Kura aliichukua yeye, kwenye sufuria, mbele ya watu. Orodha ya lipi ni lipi ikakaa kwa Mzee Mbazi, kwenye sanduku lake la nguo, na wakati wa kuhesabu aliyehesabu hakujua anahesabu nini. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kamba.

Mavuno yalipokuja na Mzee Mbazi akasoma orodha yake, ilikuwa wazi hata kwa asiyejua kusoma. Juu yalisimama yote, yenye dawa na yasiyo na dawa. Katikati yalioza nusu nusu, yenye dawa sawa na yasiyo na dawa. Chini yalioza yote, yenye dawa na yasiyo na dawa. Dawa haikuleta tofauti; tofauti ilikuwa ardhi iliyopumzishwa na isiyotuamisha maji, na hilo la kupumzisha ni kitu ambacho mama mkwe wangu angeniambia mlangoni kwake, bure, nikiwa nimesimama, kama ningemuuliza.

Ikabaki kazi moja, na hakuna aliyekubali kunifanyia. Nikavuka bonde, nikamkuta mama mkwe anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa. Nikasema haraka kabla ujasiri haujaniisha: "Mama, tumepima vizuri safari hii. Ile dawa yako haizuii kuoza. Haizuii kabisa."

Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa uani.

"Ndilo hilo tu?" akasema. "Sasa hili lilikuwa gumu nini kulisema? Ungeniweka topeni mwaka ule mimi ningenuna siku mbili, halafu ningesahau. Mama Nietiwe yeye atasahau lini?"

Akanisogezea upande mmoja wa ungo nikachambua naye mpaka maharage yakaisha.

Kwa hiyo nimeapa, na naapa tena mbele yenu. Ninayemheshimu nitamuuliza. Kura ikishasema sitaigusa, hata ikimpeleka topeni mama yangu mzazi akirudi kutoka kaburini. Na neno "nimepima" silitoi mdomoni mpaka mtu asiyenipenda awe ameangalia nilivyopima. Mama Nietiwe nilimpelekea makapu mawili ya mbegu yangu, hizi nene za kisasa, akayapokea, akasema ahsante, akaipanda nyuma ya nyumba, na shambani akaweka maharage. Tunasalimiana vizuri. Ile nyekundu ya mama yake nimeiulizia Same sokoni, nimeiulizia Usangi, nimepanda mpaka Kighare kuiulizia kwa watu nisiowajua, na kila mahali wananiambia waliwahi kuiona zamani.